Makofi Si Ujira

Liko jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona tu, nasi leo twapenda kulisema kwa sauti. Mpiga ngoma hutendewa vibaya katika sherehe zetu. Wote humwita, wote humshangilia, na mwishowe hakuna amlipaye.

Tazameni mambo yanavyokwenda huku Fizi na Baraka. Mgeni mkubwa akitarajiwa, au arusi ikiwa karibu, au shirika fulani likitaka kufungua kisima, neno la kwanza ni hili: "Waiteni watu wa ngoma." Siku ikifika, mwenye jenereta alipwa, pamoja na mafuta yake. Mwenye vipaza sauti alipwa. Kijana wa gitaa la umeme amekwisha kupatana bei tangu juma lililopita. Lakini mzee mwenye ngoma, na akina mama waitikiaji waliotembea tangu alfajiri, hao hungoja juani nyuma ya turubai hata waitwe. Wakimaliza, wapigiwa makofi, wapewa chupa moja moja ya soda, na kuambiwa, "Asanteni sana, mmetufurahisha." Kisha warudi kwao kwa miguu, na giza limeingia.

Huo si ukarimu wa wazee wetu, tena si Ukristu. Mtume Yakobo aliwakemea Wakristu wa kwanza kwa sababu ya jambo lili hili: tajiri mwenye pete akiingia mkutanoni apewa kiti kizuri, na maskini aambiwa asimame au aketi chini. Mtume huyo huyo aliwaonya wenye mashamba waliozuia ujira wa wavunaji. Kiti na ujira: ndiyo mambo mawili anayonyimwa mpiga ngoma.

Wanaoitetea desturi hii wana majibu matatu. Na tuyapime moja moja.

Wa kwanza wasema: "Ngoma ni karama ya Mungu, haiuzwi." Je, samaki wa Ziwa Tanganika wameumbwa na nani? Hata hivyo hatujamwona mtu akienda sokoni Baraka na kumwambia mama mwenye ndagala, "Mungu ndiye aliyewaumba, basi nipe bure." Mama huyo hulipwa kwa ajili ya usiku wa mvuvi, na nyavu, na jua la kukaushia. Ngoma nayo ina kazi yake. Mti hutafutwa, huchongwa, ngozi huwambwa, na mkono wa kijana hufundishwa miaka mingi kabla haujajua kuongoza wachezaji. Karama ni ya Mungu, kweli. Jasho ni la mtu, na jasho lina ujira.

Wa pili wasema: "Hayo ni mambo ya kale. Dunia ya leo yataka gitaa na kinanda cha umeme." Hao hawaijui dunia wanayoitaja. Mzee Mingiedi Mawangu, aliyeanzisha kikundi cha Konono N°1 mjini Kinshasa katika miaka ya 1960, alipiga likembe, chombo ambacho babu zetu walikijua. Kelele za mji zilipoifunika sauti yake, alitengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vyuma vikuukuu vya motokari, akaendelea kupiga likembe yake. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa santuri yao, na kikundi kikapanda majukwaa ya Ulaya na Marekani. Watu walilipa kiingilio kuisikia likembe. Mzee huyo alifariki mwaka 2015.

Wala Kanisa halikuidharau ngoma. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturujia ya 1963, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale kwa majimbo ya Zaire, na ngoma na mwendo wa kucheza vikapata mahali pake mbele ya altare. Chombo kinachofaa mbele ya altare, kwa nini kiaibishwe uwanjani?

Lakini tusidanganyike kwamba sifa za ng'ambo zatosha. Liko taifa moja Ulaya ambalo habari zake zafaa kutuonya. Ni Waroma, si wenyeji wa mji wa Papa, bali watu ambao asili yao ni Bara Hindi, waliozoea kuitwa Watsigani au Wajipsi. Kwa karne nyingi walikuwa wapigaji wa fidla katika arusi za watu wengine. Je, walipewa kiti? Katika nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo leo zimo katika Romania na nchi jirani, waliuzwa na kununuliwa kama watumwa hata miaka ya 1855 na 1856. Bwana alicheza kwa fidla ya mtumwa wake, na kulipokucha aliweza kumwuza. Katika vita vya 1939 hata 1945 wafuasi wa Hitler waliwaua Waroma kwa mamia ya maelfu, na muziki wao haukuwaokoa.

Baadaye, kutoka kijiji cha Clejani huko Romania, kikundi cha Taraf de Haïdouks kilifika majukwaani, nayo kampuni ile ile ya Brussels ilitoa santuri yao ya kwanza mwaka 1991. Mzee Nicolae Neacșu, mpiga fidla aliyezaliwa mwaka 1924, alishangiliwa katika miji mikubwa. Lakini Waroma wengi wangali wanafukuzwa huku na huku, na jina lao latumika kama tusi. Watu wanunua tiketi ya kuwasikia usiku, na asubuhi hawataki kuwa jirani zao. Papa Paulo wa Sita alipowatembelea kambini Pomezia, karibu na Roma, mwaka 1965, aliwaambia kwamba wao hawamo pembeni mwa Kanisa, bali moyoni mwake. Huko ndiko kumpa mtu kiti.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya ziwa letu, Burundi, ngoma za kifalme zilinaswa na Wafaransa mwaka 1967, zikatolewa katika santuri. Mwaka 1971 sauti hiyo hiyo ilitiwa gitaa na piano huko Ulaya, ikauzwa sana, na mdundo wake ukaigwa na vikundi vya huko. Wapigaji wenyewe hawakugawiwa faida. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo katika urithi wa dunia. Sifa kubwa! Lakini mwaka uliofuata Warundi kwa maelfu waliikimbia nchi yao, na wengi walipokewa Lusenda, katika teritwari yetu ya Fizi. Basi twauliza: yule anayesifu ngoma ya Burundi anapoitazama kwenye simu yake, amsalimuje Mrundi akutanaye naye njiani?

Sisi watu wa Fizi twapaswa kulifahamu neno hili kuliko wengine. Tangu mwaka 1996 ndugu zetu wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakakaa Nyarugusu. Wajua maana ya kushangiliwa kwa mchezo siku ya wageni, kisha kuulizwa kesho yake, "Mtarudi kwenu lini?" Hata hivyo, hata leo mtu wa kwetu aweza kucheza ngoma ya jirani yake arusini Jumamosi, na Jumatatu amtukane kwa kabila lake. Awe Mbembe, awe Mfuliiru, awe Mbuyu, awe Mnyamulenge, ngoma yake ni yeye mwenyewe. Huwezi kuipokea na kumkataa mwenyewe.

Jibu la tatu ni hili: "Nchi ina vita, hakuna fedha." Twajua vita, hatuhitaji kuelezwa. Lakini fedha za jenereta zilipatikana. Fedha za turubai zilipatikana. Hatudai mpiga ngoma atajirishwe. Twadai kwamba kilichopo kigawanywe kwa haki, na kama ni kidogo, kila mmoja apate kidogo. Sherehe isiyoweza kumlipa mtu wa ngoma hata kidogo ni sherehe iliyozidi uwezo wa mwenyewe. Na aipunguze turubai.

Basi twawaomba wakuu wa kamati za sherehe, viongozi wa mashirika, na ninyi wazazi mnaooza watoto, mshike mambo manne. Patananeni ujira na watu wa ngoma kabla ya siku yenyewe, kama mnavyopatana na wengine. Wapeni viti chini ya kivuli, na chakula kile kile cha wageni. Watajeni kwa majina yao na kijiji chao mbele ya watu, msiseme tu "kikundi cha ngoma". Na mtu akitaka kuwanasa kwa simu au mashine ili auze au atangaze mbali, aombe ruhusa kwanza, na faida ikipatikana awagawie.

Vijana wetu wanatazama. Kijana akiona babu yake anarudi usiku mikono mitupu, na mwenye gitaa anahesabu noti, hatakubali kufundishwa ngoma, wala hatuwezi kumlaumu. Mzee huyo akifariki, tutakuja kuililia ngoma, na kusema imechukuliwa na wazungu au na redio. Sivyo. Itakuwa imekufa kwa njaa mlangoni petu, huku tukipiga makofi.