Kompyuta ndogo: bei ya dukani si gharama yake

MFANYABIASHARA anayeingia Kariakoo jijini Dar es Salaam, au kwenye maduka ya katikati ya jiji la Nairobi, kutafuta kompyuta ndogo ya kubeba mkobani hukutana na mizigo ya aina mbili. Kuna mashine mpya za bei ya chini zikiwa bado ndani ya boksi, na kuna zile zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya na Marekani kabla ya kuletwa huku. Wengi huvutiwa na boksi. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda.

Kazi za kila siku za mfanyabiashara wa kawaida si nzito. Ni ankara, hesabu za stoo, barua pepe, ritani za kodi, benki kwa njia ya intaneti na pengine bei za hisa. Kazi hizo zinahitaji mashine isiyokwama mambo matano yanapofunguliwa kwa pamoja, betri ya kufikia angalau nusu siku, na kibodi inayostahimili kupigwa asubuhi hadi jioni.

Mashine nyingi mpya za bei ya chini hushindwa hapo. Kwa kawaida huwa na RAM ya gigabaiti 4 iliyolehemiwa kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64. Viwango hivyo ndivyo vya chini kabisa ambavyo Microsoft ilivitaja kwa ajili ya Windows 11. Mnunuzi anaanza akiwa amekwisha kufika mwisho wa uwezo wa mashine yake, na kwa kuwa RAM imelehemiwa, fundi hana pa kuchomeka nyingine.

Soko lilikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC, mashine ya kioo cha inchi 7 yenye uzito usiofika kilo moja. Iliuzwa sana na makampuni mengine yakaiga. Miaka michache baadaye aina hiyo ilikuwa imetoweka madukani, kwani wenye kazi waliona haiwatoshi na wenye kutaka burudani walihamia kwenye tableti.

Mtego wa Oktoba

Kwa hiyo mashine iliyotumika, iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi, mara nyingi ndiyo ununuzi wa busara zaidi. Hata hivyo, upande huo nao una mtego.

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kwa watumiaji binafsi iliweka mpango wa nyongeza ya masahihisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11, kwa upande wake, kwa ujumla haikubali rasmi prosesa za Intel Core zilizotangulia kizazi cha 8. Mashine ambayo haipati masahihisho ya usalama si mahali pa kufungulia akaunti ya benki ya biashara.

Mfano mzuri ni Lenovo ThinkPad X270 ya mwaka 2017. Ni mashine ya inchi 12.5, RAM yake hubadilishwa, na betri yake ya nyuma huchomolewa kwa mkono. Inapendwa, na kwa haki. Lakini prosesa zake ni za kizazi cha 6 na cha 7. HP EliteBook 830 G5 ya mwaka 2018, yenye kioo cha inchi 13.3 na nafasi mbili za RAM, inafaa zaidi, ila hata hiyo iliuzwa ikiwa na prosesa za kizazi cha 7 au cha 8 chini ya jina lile lile.

Dawa ni kusoma namba ya prosesa badala ya jina la mfuniko. Ikiandikwa i5-7300U ni kizazi cha 7. Ikiandikwa i5-8250U ni cha 8. Tarakimu hiyo moja baada ya kistari ndiyo inayotenganisha mashine yenye miaka mbele yake na ile iliyokwisha muda.

Hesabu ya mwezi

Chukulia mfano. Mashine mpya ya Sh. 450,000 inayochosha na kutupwa baada ya miezi 18 imemgharimu mwenyewe Sh. 25,000 kwa mwezi. Iliyotumika ya Sh. 720,000, ikaongezwa RAM na betri kwa Sh. 180,000, ikadumu miezi 48, imemgharimu Sh. 18,750. Aliyelipa mara mbili ndiye aliyenunua kwa bei nafuu.

Betri isiachwe kwenye maneno ya muuzaji. Amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, gharama ya betri mpya ikatwe kwenye bei kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Wapo watakaosema kwamba mashine mpya ina waranti. Ni kweli, na kwa asiye na fundi wa kuaminika hiyo ni hoja nzito. Lakini waranti hulipia kinachoharibika. Hailipii udogo wa RAM. Anayetaka mpya na atafute yenye gigabaiti 8 au zaidi pamoja na hifadhi ya SSD, hata kama atasubiri miezi miwili akusanye fedha.

Waagizaji nao wanahusika. Mzigo wa kizazi cha 7 na kushuka haupaswi kuuzwa kwa bei ya juzi huku mnunuzi akifichwa ukweli. Una soko lake: kwa wanafunzi, kwa kazi zisizogusa fedha, au ukiwekewa Linux. Uuzwe hivyo, kwa bei inayolingana. Mwagizaji anayeendelea kuulundika stoo akitarajia faida ya zamani anashikilia mali inayopungua thamani kila mwezi, na mteja aliyedanganywa leo hatarudi kununua hata chaja.