Mkono Upi, wa Kulia au wa Kushoto?

Mwezi uliopita kwenye kikao chetu cha kusoma vitabu, riwaya tumeshaimaliza na tumebaki na kahawa na kashata, mwenzetu mmoja alisikia kwamba nimejiandikisha kwenye utafiti wa kisukari. Ni mtu wa mashairi, msomi kweli kweli. Akaweka kikombe chini. "Yaani na wewe umekubali kuwa panya wao?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukizoea mabaraza ya watu wa kalamu unajifunza kucheka kwanza, halafu unakasirika ukiwa peke yako kwenye daladala.

Nimekasirika wiki nne sasa. Makala hii ndiyo hasira yenyewe.

Niseme mapema kwamba tusi lile nalijua vizuri, kwa sababu niliwahi kulitumia mimi. Miaka kadhaa nyuma shangazi yangu alinipigia simu kutoka Tanga. Ana kisukari, na kliniki walikuwa wamempa karatasi aisome kama angependa kushiriki utafiti. Mjukuu wake akanisomea karatasi ile kwenye simu, shangazi yuko pembeni anasikiliza. Mtoto akafika pale palipoandikwa: "Utapangwa kinasibu katika mkono wa uingiliaji kati au mkono wa udhibiti." Shangazi akamnyang'anya simu. "Mkono upi, baba, wa kulia au wa kushoto? Maana huu wa kulia ndio nakorogea vitumbua."

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Achana nao shangazi. Wanatafuta watu wa kuwachezea." Akaachana nao. Alinipigia mimi kwa sababu kwenye ukoo ndiye ninayeandika vitabu, na neno langu lilikuwa hukumu.

Baada ya kama miaka miwili kandambili ikamchubua kidole cha mguu. Hakusikia, miguu ilikuwa imeshakufa ganzi. Kidonda kilipokuja kuonekana kilikuwa kimeshatangulia mbali, na mguu ukakatwa chini ya goti. Sisemi utafiti ungeuokoa mguu ule. Ila karatasi ile, ambayo niliihukumu bila kuimaliza, nilikuja kuisoma baadaye nyumbani kwake, imekunjwa ndani ya Kurani. Ukurasa wa tatu ulisema kila mshiriki, awe kundi lolote, atapimwa miguu kila miezi mitatu: muuguzi anagusa nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni, unafumba macho, unasema kama unausikia. Ni uzi tu. Na shangazi hajawahi kunilaumu hata siku moja, jambo ambalo ni gumu kulibeba kuliko lawama.

Kwa hiyo mtu akiniambia habari za panya, nina la kumjibu.

Najua woga huu unatoka wapi, wala siudharau. Sisi wa pwani tumelelewa na mumiani. Tuliambiwa usitembee usiku, kuna watu wananyonya damu za watu wakatengenezee dawa. Nairobi na Kampala enzi za ukoloni waliosingiziwa ni wazimamoto, na mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu uvumi huo, akakataa kuuita ujinga. Naungana naye. Mumiani ni uhakiki. Ni watu wasio na magazeti wala mabunge wakisema: hawa wanachukua vitu miilini mwetu, hawatuambii wanavipeleka wapi, na faida hatuioni. Swali hilo ni halali mpaka leo. Lakini bibi zetu waliuliza wakiwa hawana karatasi mbele yao. Sisi tunayo, tuna shahada za fasihi, tunaweza kuchambua ubeti mmoja kurasa kumi, halafu ikija fomu ya ridhaa tunasema "panya", tunarudi kwenye kashata. Huo si uhakiki. Ni uvivu uliovaa miwani.

Hebu tuangalie tunakula jasho la nani. Januari 11, 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, hospitalini Toronto, alidungwa insulini kwa mara ya kwanza. Dawa ilikuwa chafu. Sukari ilishuka kidogo tu na mahali pa sindano pakaota jipu. Wakaacha. Mkemia James Collip akaisafisha ile dawa, na Januari 23 kijana akadungwa tena, safari hii ikafanya kazi. Fikiria zile siku kumi na mbili katikati. Fikiria kukubali sindano ya pili ukiwa na jipu la ya kwanza. Sisi watunzi tungeweza kuandika tamthilia ya siku hizo kumi na mbili, lakini hatuandiki, maana kwetu kisukari ni istiari ya wakubwa wanaokula sana.

Halafu kuna hii namba saba. Mgonjwa yeyote wa kliniki ameshaambiwa kwamba kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kisivuke asilimia 7. Namba hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Kati ya 1983 na 1993, watu 1,441 wa Marekani na Kanada wenye kisukari cha aina ya kwanza walikubali kugawanywa makundi mawili kwa kura: wengine waendelee na matibabu ya kawaida, wengine wajidunge na kujipima mara nyingi kila siku, kwa miaka. Kundi la pili madhara ya macho yakapungua kwa asilimia 76. Uingereza, wagonjwa 5,102 wa aina ya pili walifuatiliwa kwa miaka ishirini, 1977 hadi 1997. Kila daktari wa Bombo au Muhimbili anayekukemea kuhusu sukari yako anasimama juu ya mabega ya watu hao.

Na hapa ndipo ninapotaka mwenzangu wa kashata anisikilize. Wale 1,441 karibu wote walikuwa Wazungu. Kuna ubaya gani, sukari si sukari? Si hivyo. Kile kipimo cha miezi mitatu kinaangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu. Sasa, kuna watu wengi kwetu wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu bila wenyewe kuumwa. Mwaka 2017 ilichapishwa Marekani taarifa iliyotokana na watu Weusi waliojitolea kwa miaka mingi, ikaonyesha kwamba kwa mtu wa namna hiyo kipimo kinaweza kusoma chini kuliko hali yake halisi. Yaani karatasi inasema uko salama, kumbe sivyo. Hilo lisingejulikana kama watu Weusi wale wangekaa nyumbani wakisema wao si panya. Na wao, nakukumbusha, wana historia ya Tuskegee, sababu nzito ya kukaa nyumbani kuliko mumiani wetu.

La karibu zaidi: mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini. Vijana 894 walioambiwa wana kisukari cha aina ya kwanza walipimwa upya. Karibu theluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili ambazo vitabu vinasema ndizo alama ya ugonjwa huo. Huenda wengi wao wana ugonjwa wa namna nyingine kabisa, ambao hauna ukurasa kwenye vitabu kwa sababu vitabu viliandikwa kutokana na miili ya kwingine. Sisi tunaopiga kelele kila kongamano kwamba Mwafrika asimuliwe na Mwafrika, tumeiacha miili yetu isimuliwe na nani?

Sasa nigeuke upande wa pili, maana watafiti wasije wakadhani nimeajiriwa kuwapigia debe.

Jamani, Kiswahili chenu! Fomu niliyosaini mimi ilikuwa na kurasa tisa, na nilipofika ya nne nilikuwa natafsiri kichwani kurudi Kiingereza ili nielewe. "Kinasibu" mbele ya mtu wa kawaida ni bahati nasibu, mchezo wa kamari. Mama mmoja aliniuliza zawadi ni nini. Semeni kura. "Utapigiwa kura, kama tunavyopiga za mchezo wa upatu, kuamua uingie kundi gani." Nani asiyeelewa upatu? Na hili la "dawa bandia" ndilo linalonikosesha usingizi. Mnamaanisha kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia. Lakini Kiswahili cha mtaani dawa bandia ni dawa feki, ile ya kukamatwa na polisi. Mnamwandikia mgonjwa kwamba huenda mkampa dawa feki, kisha mnashangaa amekimbia, na mnaandika kwenye ripoti zenu kwamba jamii ina uelewa mdogo. Nani mwenye uelewa mdogo hapo? Iiteni kidonge kitupu.

Na matokeo yako wapi? Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linataka mshiriki apewe nafasi ya kujulishwa utafiti umezaa nini. Kwenye kikundi chetu yupo mzee aliyeshiriki tafiti tatu. Ametoa damu, mkojo, ameulizwa anakula nini mpaka akachoka. Hajawahi kurudishiwa hata ukurasa mmoja. Alichobaki nacho ni fulana. Huyo akisema mumiani, mimi nitamkatalia kwa hoja gani? Mnapoondoka na damu bila kurudisha habari, mnaandika hadithi ya mumiani upya, na safari hii ina mhuri wa kamati ya maadili.

Nimetaja kikundi. Ni cha wagonjwa wa kliniki, tunakutana Jumamosi asubuhi chini ya mwembe, na mimi najitolea kuwasomea karatasi zao. Neno lenyewe, kujitolea, limechoka. Wazazi wetu walijitolea kwa filimbi ya balozi wa nyumba kumi, asiyejitolea aandikwe jina. Vijana wa leo ukiwauliza wanafanya kazi wapi wanasema "najitolea", maana yake wanafundisha au wanahudumu bila mshahara wakiomba Mungu nafasi itoke. Kwa hiyo nikisema tujitolee, najua watu wanasikia nini. Lakini pale chini ya mwembe neno linapumua kidogo. Mama mmoja asiye na friji alituonyesha anavyotunza insulini: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, unaumwagia maji, unafunika kitambaa kibichi. Kuna kijana wa miaka kumi na tisa anawafundisha wazee kukagua nyayo kwa kioo. Wazee wanamwita daktari, naye anaona aibu anafurahi. Hakuna anayelipwa. Mwezi wa Ramadhani tulibishana Jumamosi nzima kuhusu nani afunge na nani asifunge, muuguzi yupo, ustadhi yupo, na wakaafikiana mapema kuliko nilivyotegemea.

Hapo ndipo ninapowataka wenzangu. Sihitaji shairi la Siku ya Kisukari tarehe 14 Novemba, mashairi hayo tunayo ya kutosha na mengi yana vina vya "hatari" na "sukari". Nawataka mje na kalamu nyekundu. Kaeni na fomu moja, kurasa tisa, muulize kila sentensi: huyu mama muuza vitumbua ataisikiaje? Mnajua kazi hii kuliko daktari yeyote. Na wale wenye sukari miongoni mwenu, nanyi mpo, nawaona mnavyokataa kashata mkisingizia meno, nendeni mkajiandikishe. Msiende kwa kupumbazwa. Ulizeni damu inahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani anaimiliki, dawa ikifaa nitaendelea kuipata utafiti ukiisha au ndiyo kwaheri, nikitaka kujitoa natoka mlango upi. Mtafiti mwema huwa anafurahi kuulizwa. Mbaya atababaika, nanyi mtaondoka na kalamu zenu. Kwa nini maswali hayo aachiwe kuyauliza mtu aliyefika kliniki alfajiri, ana njaa, na anaogopa akikataa atanyimwa dawa?

Mwenzangu wa mashairi atasema nimegeuza blogu ya fasihi kuwa ukumbi wa afya. Ni sawa. Lakini namkumbusha kwamba kwa ukoo wangu, maandishi yaliyowahi kuwa na uzito kuliko yote hayakuwa riwaya. Yalikuwa ni karatasi ile, na msomaji wake mwenye cheo aliicheka.

Juzi nilimfuata kijana mratibu wa utafiti wetu nikiwa na nakala yangu, nimeichora kila mahali. Nikamwonyesha "mkono". Nikamwonyesha "dawa bandia". Alisoma kimya, akacheka pale pa mkono, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mwalimu, ni kweli. Ila tukibadilisha neno hata moja lazima fomu irudi kwenye kamati ya maadili, tuombe kibali upya. Ni wiki nyingi hizo. Na washiriki wanasubiri kuanza."

Nikamwambia irudi. Tutasubiri.