Mzee, usukani na programu ya tarakilishi

Watu wengi wakimwona mzee anaendesha gari kwa kusitasita, wazo la kwanza ni kumnyang'anya leseni. Mimi naona huko ni kukimbilia njia ya mkato. Kuna dawa nyingine ya kujaribu kwanza, na inatuhusu sisi waandishi wa programu.

Huko Marekani mwaka 1998 ulianza utafiti uitwao ACTIVE. Wazee 2,832, wote wa miaka 65 na zaidi, waligawanywa katika makundi manne. Moja lilifunzwa kukumbuka, la pili kufikiri, la tatu kuona haraka, na la nne halikufunzwa chochote. Mafunzo hayakuwa marefu: vipindi 10 vya kama saa moja hivi.

Zoezi la kundi la tatu ndilo lililonivutia. Katikati ya kioo cha tarakilishi inatokea picha ya gari dogo au lori, na wakati huo huo kitu kingine kinatokea pembeni. Vyote vinapotea kufumba na kufumbua. Umeona gari gani? Kile kingine kilikuwa upande gani? Ukipata, programu inapunguza muda wa kuonyesha. Baadaye inajaza vikorokoro vya kukuchanganya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika wikendi moja! Lakini ndiyo kazi ya dereva hasa: macho yako kwenye lori lililo mbele, na mtoto anachomoka kushoto.

Watafiti hawakuridhika na alama za mchezo. Walichukua rekodi za ajali zenyewe, za madereva kama 900, kwa miaka 6. Matokeo yalitoka 2010: kwa kila maili iliyoendeshwa, ajali za makosa ya dereva mwenyewe zilikuwa pungufu kwa karibu nusu kwa waliofunzwa kuona haraka, na pia kwa waliofunzwa kufikiri. Waliofunzwa kukumbuka hawakupata nafuu hiyo.

Hapo ndipo ninapogombana na wauzaji wa michezo ya "kunoa ubongo". Wengi hupima alama zao wenyewe, basi. Januari 2016 wenye Lumosity walikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya Marekani kuwashtaki kwa kutangaza manufaa wasiyoweza kuyathibitisha.

Bila shaka programu haitibu mtoto wa jicho, wala haisogezi kiti. Kwa hilo Wamarekani wana CarFit: mzee anakuja na gari lake, anakaguliwa vioo, mkanda, na kama kifua kiko angalau inchi 10 kutoka kwenye usukani. Hakuna mtihani, hakuna anayegusa leseni yake. Ningependa mambo haya mawili yafanyike siku moja, mahali pamoja.

Na ukitaka kuandika toleo la Kiswahili, weka herufi kubwa na vitufe vikubwa. Zile kelele za ushindi za michezo ya watoto, tafadhali ziache.