BENDERA NYEKUNDU IKO WAPI?



Reli ikipasuka kati ya Makindu na Kibwezi, sisi husimamisha gari moshi kwanza. Barua huandikwa baadaye. Wakubwa wa Bodi ya dawa za wadudu hawafanyi hivyo. Ombi la kuondoa dawa zenye madhara lilifika Bungeni mwaka 2019. Dawa 77 zikatangazwa kuondolewa mwaka 2025. Miaka sita! Wakati huo wazee wetu na wake zetu wa Kitui na Makueni walizidi kunyunyizia ndengu na miembe, pampu mgongoni, mikono mitupu.

Twataka orodha ya dawa hizo ibandikwe kila duka, kwa Kiswahili na Kikamba, na Bodi itoe hesabu ya miaka hiyo. Mlinzi wa njia akilala hufukuzwa kazi. Na wao je?