Stelingi inayokaza na kupona yenyewe

SAFU YA USUKANI
Na Selemani Ntandu

Stelingi ya umeme inapokaza ghafla, taa yake ya P/S kwenye dashibodi ikawaka, kisha gari likazimwa na kuwashwa na mambo yakarudi kama kawaida, gari hilo halijapona. Kompyuta ya stelingi ikiona hitilafu hukata msaada wake, na mara nyingi hubaki hivyo hadi swichi izimwe. Swichi ikifunguliwa upya, kompyuta hujipima upya; kama kasoro haionekani kwa dakika ile, kazi inaendelea. Ndiyo maana gari lililomtoa dereva jasho Shelui hufika gereji ya Singida mjini likiwa zima kabisa. Mashine inachomekwa, dalili hazionekani, na ushauri unaotolewa ni ule ule: badilisha stelingi kolamu. Kolamu ya mtumba inatafutwa Gerezani, Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi, inashushwa stendi ya Misuna, inafungwa. Wiki ya pili taa inawaka tena. Kwa magari yenye umri kama wa haya yanayotembea mkoani, kinachostahili kushukiwa kwanza ni njia ya umeme kutoka betri hadi kolamu. Kolamu yenyewe ingojee zamu yake.

Stelingi ya aina hii si mpya. Suzuki iliifunga kwenye gari dogo la Cervo mwaka 1988, na baadaye Toyota ikaitumia kwenye Prius ya mwaka 1997 na katika magari madogo yaliyofuata. IST, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, Vitz na Passo zinazobeba abiria na vitunguu kati ya Singida na wilaya zake, zote zinayo. Haina pampu, haina mkanda, haina mafuta ya kuvuja. Juu, chini ya dashibodi, kolamu imebeba mota ya umeme. Ndani ya kolamu kuna fimbo nyembamba ya chuma inayojisokota kidogo kila dereva anapokata kona. Sensa hupima msokoto huo na kuiambia kompyuta mkono umetumia nguvu kiasi gani na upande upi, na kompyuta huipa mota umeme wa kusaidia. Kiungo cha chuma kati ya usukani na matairi hakikatiki hata msaada ukizimika. Gari bado linakata kona, ila kwa nguvu za dereva mwenyewe.

Kompyuta hiyo haiamui kwa sensa ya msokoto peke yake. Inahitaji taarifa ya mwendo wa gari, kwa sababu msaada unatakiwa kuwa mkubwa gari likiwa limesimama na mdogo likiwa kwenye mwendo wa kasi. Inahitaji pia kujua kwamba injini inazunguka. Katika magari mengi ya Toyota ya kundi hili, injini ikizimika msaada nao unakoma. Madereva wanaozima injini kwenye mteremko wa Sekenke ili kubana mafuta hujinyima msaada kwa hiari yao katikati ya kona kali, na wakikosea wakarudisha ufunguo hadi mwisho, usukani unaweza kujifunga kabisa. Hiyo si hitilafu ya gari.

Jambo la tatu inalohitaji ni umeme mwingi, tena kwa mshtuko. Gari likienda moja kwa moja, mota hutumia ampea chache. Likiwa limesimama na dereva akazungusha usukani hadi mwisho, mota ya gari dogo inaweza kudai ampea 30, 40 au zaidi kwa sekunde chache. Fyuzi yake kwa kawaida ni kubwa, ya ampea 50 au 60. Hakuna kifaa kingine ndani ya IST, ukiacha stata, kinachodai kiasi hicho kwa ghafla namna hiyo, na stata hufanya kazi mara moja asubuhi huku stelingi ikifanya kazi safari nzima. Udhaifu wowote kwenye waya, betri au altaneta utajionyesha kwenye stelingi kabla redio haijakwaruza.

Kabla ya kufungua chochote, fundi anatakiwa kumhoji dereva kama daktari anavyomhoji mgonjwa. Stelingi hukaza gari likiwa limesimama au likiwa mwendoni? Asubuhi ya baridi ya Juni, au mchana baada ya saa nzima ya kuendesha? Ni baada ya mvua, baada ya kuosha gari, baada ya barabara ya vumbi yenye makorongo? Taa inawaka au haiwaki? Jibu la swali la mwisho lina uzito wa pekee. Stelingi nzito yenye taa ni shauri la umeme. Stelingi nzito isiyo na taa kabisa mara nyingi ni shauri la chuma na matairi, nalo litafika mahali pake.

Kinachoikaza stelingi gari likiwa limesimama, taa za mbele zikiwa zimewashwa na feni ikizunguka, ni volti. Betri nzima iliyopumzika husoma takribani volti 12.6. Injini ikiwaka, altaneta inatakiwa kuipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Namba hizo zikiwa sawa, mafundi wengi hufunga boneti na kusema umeme uko vizuri, kumbe kipimo chenyewe hakijaanza. Injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, msaidizi aingie ndani azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho huku fundi akiangalia mita kwenye betri. Volti zikishuka kidogo na kurudi, hakuna neno. Zikiporomoka chini ya 12 na kusuasua kupanda, betri imechoka au altaneta haitoi kinachotakiwa. Kompyuta ya stelingi ikipata volti pungufu sana hukata msaada ili kujilinda, na hilo halina uhusiano wowote na uzima wa kolamu.

Betri ikiwa nzima, hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ni waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri hadi kwenye bodi na injini. Tuseme kiungo chake kimeliwa na kutu kikabakiwa na ukinzani wa omu 0.04. Mita ya kawaida ikiwekwa kwenye omu haitauona ukinzani huo, kwa kuwa nyaya za mita zenyewe zinaweza kuwa na zaidi ya hapo. Fundi atasoma sifuri na kusema waya ni mzima. Lakini mota ikivuta ampea 50, ukinzani huo unakula volti 2. Kompyuta iliyotakiwa kupata 13.5 inapata 11.5, na hapo mzunguko ni wa sekunde moja tu. Kipimo sahihi hufanywa chini ya mzigo: mita iwe kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye tarminali, na nyingine kwenye bodi karibu na kolamu, halafu usukani uzungushwe. Ikizidi volti 0.2, kuna mahali panapokula umeme. Kipimo hicho hicho kinarudiwa upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye soketi ya kompyuta ya stelingi, kupitia fyuzi kubwa na rilei.

Sababu ya kushika nguzo badala ya tarminali inaonekana chini ya boneti za magari mengi. Tarminali iliyolegea huwa imekazwa kwa msumari uliogongwa kati ya risasi na mshikio wake, au kwa karatasi ya foili iliyokunjwa. Msumari unashika sehemu mbili tatu, umeme wa taa unapita, hata stata inaweza kuvumilia. Kwenye barabara ya makorongo unacheza, na kila unapocheza stelingi hukosa chakula kwa nukta moja. Nukta moja inatosha kuwasha taa ya P/S hadi mwisho wa safari. Tarminali mpya ni kitu cha bei ndogo mno ikilinganishwa na kolamu, ila haina heshima ya spea kubwa, na pengine ndiyo maana haipendekezwi.

Kutoka kwenye betri uchunguzi unashuka chini ya dashibodi, ambako magari ya mtumba hubeba historia zao. King'ora cha wizi, kifaa cha kufuatilia gari, redio yenye spika kubwa: nyaya za vyote hivi huunganishwa kwenye furushi la nyaya linalopita kando ya kolamu, mara nyingi kwa kukwangua ganda la waya, kuzungusha mwingine juu yake na kufunga kwa gundi ya nailoni. Joto la gari lililoegeshwa juani likilainisha gundi hiyo, kiungo kinaanza kulegea. Panya nao wanazijua nyaya, hasa katika gari linalolala karibu na ghala la alizeti. Jaribio la nyaya hizi ni rahisi na linahitaji subira: injini ikiwaka, kila soketi na kila furushi litikiswe taratibu kwa mkono, moja baada ya lingine, huku jicho likiwa kwenye taa ya dashibodi au kwenye namba za mashine. Soketi inayowasha taa ikitikiswa ndiyo yenyewe. Soketi zisipigwe maji wala kumwagiwa petroli. Zifunguliwe betri ikiwa imetolewa, pini ziangaliwe kama zimepanuka au zimeota ukungu wa kijani, zisafishwe kwa dawa ya viungo vya umeme. Na gari linalochomelewa ekzosi au chasisi lichomolewe betri kwanza, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuharibu kompyuta yoyote iliyomo.

Baada ya hapo ndipo misimbo ya hitilafu inapokuwa na maana. Mashine ya bei nafuu inayosoma injini peke yake haitaiona stelingi. Inahitajika inayoingia kwenye mfumo wa P/S. Toyota nyingi za miaka hiyo hutoa misimbo yake hata bila mashine: swichi ikiwa wazi, pini namba 13 na namba 4 za soketi ya uchunguzi zikiunganishwa kwa waya mfupi, taa ya P/S humeta kwa kuhesabu. Pini zikikosewa hasara yake ni kubwa, kwa hiyo anayekisia asijaribu. C1511 hadi C1514 zinahusu sensa ya msokoto, C1541 taarifa ya mwendo, C1551 na C1552 umeme unaoingia kwenye kompyuta, C1554 rilei. Msimbo hutaja njia iliyolalamika, hautaji spea ya kununua. C1511 inaweza kutoka kwenye sensa iliyokufa, na inaweza pia kutoka kwenye pini moja iliyolegea kwenye soketi ya sensa iliyo nzima.

Sensa kweli hufa. Mei 2014 Ford iliyaita tena magari zaidi ya 900,000 ya Escape na Mariner ya Amerika Kaskazini kwa sababu ya sensa ya msokoto ndani ya kolamu, na wakati huo huo ikaita Explorer zaidi ya 190,000 kwa kiungo cha umeme kilichokuwa kinashika na kuachia ndani ya mfumo wa stelingi. Dawa ya Escape yenyewe haikuwa kolamu mpya kwa kila gari: programu ilifanyiwa marekebisho, na sensa au kolamu ilibadilishwa pale tu misimbo iliyohifadhiwa ilipoonyesha hivyo. Dalili inayotenga sensa na matatizo ya volti ni usukani unaojivuta wenyewe upande mmoja, au unaotetemeka mkononi gari likiwa limesimama. Gari la namna hiyo lisiendeshwe. Kuchomoa fyuzi ya stelingi na kulifikisha gereji polepole, kwa usukani mzito, ni bora kuliko msaada unaosukuma usikotakiwa.

Mota nayo huchoka. Zile zenye kaboni huacha kugusa mahali fulani, na msaada unapotea usukani ukifika pembe fulani na kurudi ukisogezwa. Lakini isichanganywe na kinga ya joto: dereva anayezungusha usukani huku na huko kwa muda mrefu gari likiwa halisogei, kama mwanafunzi anayejifunza kurudisha gari nyuma, ataona unazidi kuwa mzito bila taa kuwaka. Kompyuta imepunguza umeme ili mota isiungue. Likiachwa dakika kumi hivi, linarudi.

Stelingi nzito isiyo na taa iangaliwe kwanza upepo wa matairi ya mbele. Kisha gari lipigwe jeki hadi matairi yote mawili ya mbele yaning'inie, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umefungua usukani, na usukani uzungushwe kwa mkono. Unatakiwa kwenda kwa ulaini uliolingana. Ukikaza mara mbili katika kila mzunguko mmoja, msalaba wa shafti inayounganisha kolamu na reki umeota kutu. Ukitoa mlio wa kukwaruza juu ya shokapu na kurudi wenyewe kama springi, beringi ya juu ya shokapu imejaa vumbi. Boljointi zilizokauka nazo zina uzito wake. Hakuna mashine ya kompyuta itakayoyataja haya.

Kolamu ikithibitika kuwa mbovu baada ya hayo yote, ibadilishwe kwa namba ya spea inayofanana, kwani kolamu za IST na Vitz zinaweza kushabihiana kwa macho na zisielewane na kompyuta. Ikishafungwa inahitaji kusawazishwa sifuri kwa mashine: gari limesimama, matairi yamenyooka, hakuna mkono unaogusa usukani. Hatua hiyo ikirukwa, C1515 itajitokeza au gari litakuwa jepesi upande mmoja na zito upande wa pili, na kolamu nzima italaumiwa. Misimbo ya zamani ifutwe, kisha gari lirudishwe kwenye mazingira yale yale lililougulia: kama ilikuwa barabara ya vumbi ya Ilongero, liende Ilongero, kama ilikuwa kuegesha usiku taa na feni vikiwa vimewashwa, liegeshwe usiku. Mzunguko mmoja kwenye lami ya mjini hauthibitishi kitu.