Hewa ya Dodoma Inasingiziwa

Pikipiki ya mapigo mawili iliyokwisha kutumika, inaponunuliwa Dar es Salaam na kupandishwa hadi Chamwino, aghalabu huanza kuugua mapema. Asubuhi huwaka kwa shida. Ikishapata moto hukohoa katikati ya mwendo, hutoa moshi mzito, na ikifika kwenye mchanga wa makorongo hukosa nguvu. Hukumu hutolewa papo hapo chini ya mti wa fundi: hewa ya huku ni nyepesi, kabureta imeikataa. Kisha bisibisi huingia kazini.

Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana imedumu. Uwanda wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mahali hapo hewa inayojaza lita moja ina uzito pungufu kwa sehemu 10 hadi 12 katika 100, ikilinganishwa na hewa ya pwani. Yafaa basi kuuliza swali ambalo ni nadra kuulizwa: upungufu huo unaidhuru kabureta kwa kiasi gani hasa?

Kabureta haina akili wala mizani. Ni bomba lenye koo jembamba. Hewa ipitapo kooni huongeza kasi, na kanio lake hupungua, kama alivyoeleza Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738 kuhusu mwendo wa viowevu. Petroli iliyomo katika bakuli la chini, ikisukumwa na kanio la kawaida la nje, hupanda kupitia tundu la jeti na kutawanyika ndani ya hewa hiyo. Hewa ikiwa nyepesi, mvuto wa kooni nao hudhoofika, na petroli inayopanda hupungua pia. Haipungui sawasawa na hewa, bali hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Kwa hiyo hewa ikipungua kutoka 100 hadi 88, petroli hushuka hadi 94 hivi. Mchanganyiko unakuwa umeshiba petroli kwa sehemu kama 6 katika 100, basi.

Sehemu 6 katika 100 si kitu cha kupuuzwa, lakini si ugonjwa wa kuilaza pikipiki. Hatua moja au mbili za jeti kuu hutosha kuzirekebisha. Ama ule upungufu wa nguvu, unaokaribia sehemu ya kumi, ni gharama ya kuishi juu. Hakuna skrubu itakayourudisha, na anayeutafuta kwa bisibisi anatafuta hewa isiyokuwapo. Injini inayokohoa na kulowesha plagi hadi ikazima ina kosa jingine, na kwa kawaida kosa hilo limesafiri nayo au limetengenezwa na mikono ya watu.

Mkosaji mmoja ni waya. Jeti ikiziba, wengi huichokonoa kwa waya wa breki au sindano ya kushonea. Jeti ni shaba nyeupe, madini laini. Tundu la milimita 1.00 likitanuka hadi 1.03 tu, eneo lake huongezeka kwa sehemu 6 katika 100. Yaani ukwaruzaji mwembamba kuliko unywele wa kichwani humfanyia mwenye pikipiki, kwa dakika moja, madhara yote ambayo mlima kutoka Bahari ya Hindi hadi Chamwino umeyafanya. Namba iliyochongwa kwenye jeti hubaki ileile, nayo sasa inasema uongo. Petroli safi na pumzi ya pampu ya baiskeli zingalitosha.

Mkosaji mwingine ni vumbi. Katika nchi inayopata mvua kwa msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kichujio cha hewa hakiwezi kungoja ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye majani mwaka mzima. Kichujio kilichoziba hupunguza hewa na kuongeza mvuto kwenye jeti, na dalili zake ni zilezile zinazoitwa hewa ya Dodoma. Hapo fundi huweka jeti ndogo, moshi ukapungua, akalipwa. Baada ya wiki mwenye chombo anaosha kichujio, hewa inaingia tele, na injini iliyokuwa imeshiba sasa ina njaa.

Njaa ndiyo hatari. Injini ya mapigo mawili haina oili chini yake inayorushwa juu ya fani. Oili yake huja pamoja na petroli, au kwa pampu ndogo iliyo pembeni kama katika Yamaha nyingi za aina ya DT na AG. Palipochanganywa oili tangini, petroli ikipungua oili nayo hupungua, huku joto likipanda. Pistoni hutanuka, hunata kwenye silinda, na gurudumu la nyuma hujifunga likiwa mwendoni. Kuna pia imani kwamba kuongeza oili tangini ni kinga dhidi ya hali hiyo. Kwa kabureta, kila kijiko cha oili kilichozidi kimechukua nafasi ya kijiko cha petroli. Kinga hiyo inaongeza njaa.

Tena moshi wenyewe si shahidi wa kuaminika. Sili ya krenki iliyo upande wa klachi ikichakaa, injini hunyonya oili ya giaboksi na kuiunguza. Kabureta inaweza kufunguliwa mara tano bila kosa kuonekana, ilhali kijiti cha kupimia oili kingalionyesha kwamba oili inapungua bila tone kuonekana ardhini. Sili ya upande wa pili ikivuja huingiza hewa kavu: injini hunguruma juu na kuchelewa kushuka hata mkono ukiachia. Mpira unaounganisha kabureta na silinda hupasuka kwa jua na kuleta dalili hizohizo. Grisi ikipakwa kuuzunguka na mngurumo ukabadilika, mwizi amepatikana.

Kwa sababu hizo kabureta inastahili kuguswa mwisho: baada ya kichujio, plagi, petroli iliyolala tangini, mipira na sili. Hata hapo inataka mpangilio. Kipimo cha boya hutangulia, kwani petroli ikisimama juu mno bakulini kila kitu kinachofuata huwa kosa. Kisha utepe mdogo hubandikwa kwenye mkono wa mafuta na alama huwekwa za robo, nusu na robo tatu. Kosa likijitokeza chini ya robo, shauri ni la jeti ndogo na skrubu ya hewa. Katikati, ni la sindano na kibanio chake. Juu ya robo tatu, ni la jeti kuu. Kitu kimoja hubadilishwa kwa wakati mmoja, pikipiki ikajaribiwa, matokeo yakaandikwa.

Neno hilo la mwisho ndilo gumu. Mafundi wa Chamwino na Dodoma mjini wana masikio ambayo maabara nyingi zingeyatamani, lakini maarifa yao hufa pamoja na kila chombo kinachouzwa, kwa kuwa hayaandikwi. Vyuo vya VETA, vinavyofundisha ufundi wa magari kwa bidii, vingefanya jambo la faida kubwa kama kila mwanafunzi angetoka na mazoea ya daftari: namba ya jeti iliyokutwa, namba iliyowekwa, hali ya kichujio siku hiyo, na mahali pikipiki itakapofanyia kazi.

Hilo la mwisho lisionekane dogo. Jeti iliyopunguzwa kwa haki kabisa Chamwino huteremka na pikipiki hadi Morogoro, mita zipatazo 500 juu ya bahari, mahali ambapo hewa imerudi kuwa nzito na barabara ni ya lami inayoshawishi mkono kufungua mafuta yote. Mnunuzi mpya wa huko hajui lolote. Ukurasa mmoja wa daftari, uliokunjwa na kuwekwa chini ya kiti, ungemwambia ni jeti gani arudishe kabla ya kuondoka.