Visawe na Homonimu katika Majina ya Jeni: Funzo Kutoka Newala

Mlipuko wa homa wa mwaka 1952–53 katika uwanda wa juu wa Makonde, pande za Newala na Masasi, uliipatia taaluma ya tiba neno la Kimakonde, chikungunya, litokanalo na kujikunja kwa mgonjwa. Carey (1971) alitoa hoja kwamba hata mlipuko wa Zanzibar wa mwaka 1870, ulioitwa kidingapopo, huenda ulikuwa chikungunya, ingawa jina hilo leo ni la dengi. Jina moja, maradhi mawili.

Mkanganyiko wa aina hiyo umo pia katika jeni zinazohusiana na kirusi hicho. Mwaka 2018, MXRA8 ilitambuliwa kuwa njia ya kirusi kuingilia seli. Jeni hiyo huitwa pia DICAM na limitrin. Hivyo ni visawe, na jedwali la visawe latosha kuvitatua. Mwaka 2019 ikabainika kwamba kirusi huihitaji FHL1 ili kuzaana. Hata hivyo, FHL-1 ni jina pia la protini itokanayo na jeni nyingine, CFH. Ya kwanza imo katika kromosomu X, ya pili katika kromosomu 1. Hapa hapana usawe, pana homonimia.

Wapo washikiliao kwamba programu ya kusanifu uhariri wa jeni ipokee jina lolote na kuligeuza yenyewe kuwa jina sanifu. Hoja hiyo ina mashiko kwa visawe tu. Msemaji wa Kiswahili asikiapo "kaa" huongozwa na muktadha kujua kama ni mnyama wa baharini, kipande cha moto au amri ya kuketi. Kompyuta hupewa neno tupu. Ikikisia vibaya, jeni isiyokusudiwa hukatwa bila onyo lolote, na mtafiti huhitimisha kwamba jeni aliyoikusudia haina kazi.

Wala usanifishaji pekee si kinga. Mwaka 2020 ilielezwa kwamba MARCH1 imebadilishwa kuwa MARCHF1, kwa kuwa Excel ililigeuza jina la awali kuwa tarehe. Kwa hiyo programu haina budi kuhifadhi namba ya utambulisho ya jeni pamoja na toleo la jenomu, na kumuuliza mtumiaji kila jina linapokuwa na maana zaidi ya moja. Watunga kamusi wamekwisha kuonyesha njia: homonimu hupewa namba, kila moja na kidahizo chake.